Spika za nyumbani kwa sauti ya chini: njia nne, na ipi ikufae

Ukipunguza muziki usiku kwa sababu wengine wamelala, sauti haipungui sawasawa. Besi hutangulia kuondoka. Nyuma yake hufuata vitu vidogo: pumzi ya mwimbaji, kidole kinachoteleza kwenye uzi wa gitaa, mkia wa matoazi. Hubaki sauti nyembamba ya katikati, kama redio iliyowashwa chumba cha pili. Wengi hapo husema "spika hizi haziamki mpaka uzifungulie", kisha wanaanza kutafuta amplifaya yenye wati nyingi zaidi.

Wati hazina kosa. Chukua spika ya kawaida yenye usikivu wa desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani ikipewa wati 1 hutoa desibeli 87 kwa umbali wa mita 1. Ili ikufikishie wastani wa desibeli 60 ukiwa umekaa mita 2, haihitaji hata sehemu moja ya mia ya wati. Hata mlio wa ghafla unaopanda desibeli 20 juu ya wastani huo hautafika wati 1.

Kosa liko mahali patatu. La kwanza ni sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio huwa zito kwa besi kadiri sauti inavyoshuka, na leo jambo hilo limewekwa katika kiwango cha ISO 226. Mlio wa hezi 1,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; chache ni besi) ukiwa desibeli 40, mlio wa hezi 50 lazima ufike karibu desibeli 78 ndipo usikike kwa ukubwa uleule. La pili ni chumba. Feni, jokofu na barabara hufunika sehemu laini za muziki. La tatu ni mtambo: amplifaya ina mlio wake mdogo wa "shiii", na vitufe vingi vya volyumu havifanyi kazi vizuri vikiwa mwanzoni kabisa mwa mzunguko.

Vipimo vya kulinganishia

Njia nne zilizo hapa chini tunazipima kwa mambo matano. Besi: je, inabaki na uzito wake muziki ukiwa desibeli 55 hadi 65 pale ulipokaa? Maneno na vitu vidogo: je, unasikia kila silabi bila kukaza masikio? Ukimya wa mtambo: je, kuna mlio au mvumo muziki unaponyamaza? Chumba na majirani: sauti inavuja kiasi gani, na kuta zinaiharibu vipi? Mwisho usumbufu: kupanga, kurekebisha, na yanayokwama.

Kabla ya kununua chochote

Nusu saa ya kazi hapa huweza kukuokolea spika mpya. Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu, uiache mahali unapokaa bila muziki. Simu zinaweza kukosea desibeli kadhaa kwa namba yenyewe, ila kwa kulinganisha kabla na baada zinatosha. Zima feni, funga dirisha, sogeza kompyuta chini ya meza, kisha pima tena. Chumba kikishuka kutoka desibeli 40 hadi 30, umepata desibeli 10 za uwazi bila kugusa spika. Muziki wenye wastani wa 60 huwa na sehemu laini zinazoshuka hadi 35 hivi. Katika chumba cha kwanza sehemu hizo zimezama. Katika cha pili zinasikika.

Kisha cheza sauti ya mtu mmoja anayesoma, iliyorekodiwa mono, yaani sauti moja kwa spika zote mbili. Kaa katikati ya spika zako mbili na upunguze volyumu polepole. Sauti inatakiwa ibaki katikati hadi mwisho. Ikianza kuhamia kushoto au kulia kwenye robo ya kwanza ya mzunguko, kitufe chako hakipunguzi chaneli mbili kwa kiasi kimoja. Ni ugonjwa wa kawaida wa vitufe vya kuzungusha vya analogi. Dawa yake ni kupunguza sauti ya chanzo (simu, kompyuta, kicheza muziki) kwa desibeli 10 hadi 15 ili kitufe cha amplifaya kirudi karibu na katikati, au kuweka vipunguza sauti vya desibeli 10 au 12 vinavyochomekwa kati ya waya na amplifaya. Picha ya sauti iliyokuwa imeegemea upande mmoja hukaa sawa palepale.

Njia ya kwanza: spika ndogo, kukaa karibu

Hapa tunazungumzia spika mbili zenye wufa (kipaza cha besi) ya sentimita 10 hadi 13, zikiwa mita 0.7 hadi 1.2 kutoka masikioni, umbali kati yao ukiwa sawa na umbali wao hadi kwako, na twita (vipaza vya sauti za juu) zikiwa usawa wa sikio.

Maneno na vitu vidogo. Ndiyo nguvu kubwa ya njia hii. Kila umbali unapokatwa nusu, sauti inayokujia moja kwa moja kutoka kwenye koni (uso wa spika unaotikisika) hupanda kwa karibu desibeli 6. Kutoka mita 2.8 hadi mita 0.7 umekata nusu mara mbili, yaani desibeli 12, wakati mwangwi wa chumba haujaongezeka. Silabi hazichanganyikani tena na kivuli chao kutoka ukutani. Hakuna kifaa kinachofanya kazi hii vizuri kuliko kusogeza kiti.

Besi. Wufa ya ukubwa huu huishia kati ya hezi 55 na 70. Lakini kwa sauti ya chini koni haisafiri sana, kwa hiyo inabeba nyongeza ya ekolaiza (kirekebisha besi, sauti za kati na za juu) ambayo ingeiumiza kwa sauti kubwa. Sanduku lililozibwa hufaa zaidi kuliko lenye tundu la besi, kwa kuwa besi yake hushuka taratibu, desibeli 12 kwa kila oktava (yaani kila hezi zikipungua nusu), dhidi ya 24 kwa lenye tundu. Chini ya masafa ambayo tundu limepangiwa, koni huachwa huru, na ukiisukuma hapo unapata mtikisiko usio na sauti ya maana.

Ukimya wa mtambo. Huu ndio udhaifu. Spika nyingi za aina hii zina amplifaya ndani, na ile "shiii" ya twita ambayo mtu wa mita 3 haisikii kamwe, wewe wa sentimita 70 unaisikia kila wimbo unapoisha. Jaribu kabla ya kununua: washa spika bila muziki, kaa umbali utakaotumia, sikiliza. Kama kuna swichi ya unyeti wa ingizo nyuma, iweke chini na uongeze kwenye chanzo.

Chumba na majirani. Kwa kuwa spika zinapiga kidogo, kinachovuka ukuta ni kidogo pia. Adui ni meza. Uso wake hurudisha sauti, huvimbisha eneo la hezi 100 hadi 200 na kufanya sauti ya mwanamume isikike kama iko ndani ya ndoo. Inua spika sentimita 15 hadi 20 juu ya meza, zielekeze masikioni, na zisogee hadi ukingo wa mbele. Kisha punguza desibeli 2 au 3 karibu na hezi 160 usikie kama ndoo imeondoka.

Usumbufu. Eneo zuri la kusikiliza ni dogo. Mtu wa pili kitini pembeni anapata nusu ya mambo. Ukikaa chini ya mita 0.8, tafuta spika zenye twita iliyowekwa katikati ya koni ya wufa, mfano Uni-Q ambayo KEF waliileta mwaka 1988. Sauti zote hutoka sehemu moja, na kichwa kikipanda au kushuka hakuna kinachobadilika sana.

Inamfaa anayesikiliza peke yake, mezani au kitandani, na mwenye jirani wa karibu.

Njia ya pili: spika za rafu na sabufa

Besi. Hapa ndipo fedha yako inakwenda, na inaonekana. Sabufa, spika ya besi pekee, ina kitufe chake cha sauti, hivyo unaweza kuongeza besi desibeli 3 hadi 6 juu ya kiwango cha mchana bila kugusa kitu kingine. Weka mpaka wa masafa, yaani pale sabufa inapoziachia spika za rafu, karibu na hezi 80. Mahali pa kuiweka hupatikana kwa njia ya kizamani isiyo na aibu: weka sabufa kwenye kiti chako, cheza mpigo wa besi unaotembea, kisha tambaa ukizunguka chumba. Pale noti zote zinaposikika kwa ukubwa unaokaribiana, hapo ndipo sabufa inakaa. Mwisho geuza swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa wimbi la sauti) kati ya 0 na 180, ubaki na upande wenye besi iliyojaa zaidi kitini pako.

Maneno na vitu vidogo. Sabufa haiongezi uwazi wa maneno. Ikizidishwa, inauondoa. Mpaka wa masafa ukiwekwa hezi 120 au zaidi, sehemu ya chini ya sauti za wanaume huanza kutoka pembeni ya chumba. Spika za rafu zenyewe ndizo zinazobeba uwazi, na umbali wa mita 1.5 hadi 2 unazifaa kuliko mita 3.

Ukimya wa mtambo. Mvumo wa hezi 50 au 60 ni tatizo la mara kwa mara, kwa kuwa sabufa na amplifaya huchomekwa kwenye soketi tofauti. Anza kwa kuzichomeka kwenye ekstensheni moja.

Chumba na majirani. Hapa pana hasara. Masafa ya chini hupita kwenye kuta na sakafu kuliko masafa mengine yote. Mpira au sponji chini ya sabufa hupunguza mtikisiko wa sakafu, hauzuii sauti inayopita hewani. Ujanja unaosaidia ni kuiweka sabufa karibu sana na wewe, nyuma ya kiti kwa mfano. Kanuni ileile ya umbali inafanya kazi: unaihisi, na chumba kizima hakilazimiki kujazwa.

Usumbufu. Kuna hitilafu moja inayowachosha watu hadi wanafikiri kifaa kimeharibika. Sabufa ikiwa kwenye AUTO husubiri ishara ya kiwango fulani ndipo iwake. Usiku ishara ni dhaifu, hivyo hailali wala haiamki ipasavyo: besi inakuja wimbo mmoja na kutoweka mwingine. Iweke kwenye ON. Ikiwa haina ON, pandisha kiwango cha sabufa ndani ya menyu ya risiva (amplifaya ya filamu yenye spika nyingi) kwa desibeli 6 hadi 10 na upunguze kitufe kilichoko nyuma ya sabufa kwa kiasi hichohicho. Sauti itabaki ileile, ila ishara inayofika itakuwa na nguvu ya kuiamsha. Spika zenye amplifaya ndani na usingizi wa kujiendesha huugua vivyo hivyo.

Inamfaa mwenye sebule, watu wawili watatu, muziki na filamu, na kuta nene au jirani wa mbali.

Njia ya tatu: spika kubwa zenye usikivu wa juu

Hizi ni spika za desibeli 95 kwenda juu, mara nyingi zenye honi mbele ya twita, yaani mdomo uliopanuka kama tarumbeta. Klipschorn, iliyoanza mwaka 1946, ndiyo maarufu kuliko zote, ikiwa na usikivu wa desibeli 105 hivi.

Maneno na vitu vidogo. Wapenzi wa spika hizi huapa kwamba ndizo bora kwa sauti ya chini. Sehemu ya dai hilo ina msingi: koni zinasogea kidogo sana, mpotoko (sauti kuharibika) ni mdogo, na honi huelekeza sauti kwako badala ya kuimwaga kwenye kuta za pembeni. Sehemu nyingine tunaitilia shaka. Spika nzuri ya desibeli 87 nayo haina mpotoko wa kusumbua kwa sehemu ya mia ya wati. Uwazi mwingi unaosifiwa ni wa mwelekeo, na kwa baadhi yake ni sauti za kati zilizopandishwa kidogo.

Besi. Sanduku kubwa hushuka hadi hezi 35 au 40 bila msaada. Lakini sikio lako bado ni lilelile: besi iliyo sawa mchana itapungua usiku kama kwa spika yoyote.

Ukimya wa mtambo. Amplifaya ileile ambayo haisikiki kwenye spika ya desibeli 87 itatoa "shiii" iliyo juu kwa desibeli 18 kwenye spika ya 105. Ndiyo sababu spika hizi hudai amplifaya kimya, si yenye nguvu. Vilevile kitufe cha volyumu kitakuwa mwanzoni kabisa, palepale kinapokosea kati ya chaneli, kwa hiyo vipunguza sauti tulivyotaja huwa karibu lazima.

Chumba na majirani. Zinahitaji mita 2.5 au zaidi ili wufa, sauti za kati na twita ziungane kuwa kitu kimoja. Ukizikaribia utasikia vipande. Zile za kukaa konani hutegemea pembe halisi ya kuta mbili.

Usumbufu ni ukubwa wake. Ukishazipanga, hazidai mengi. Zinamfaa mwenye chumba kikubwa, anayesikiliza kwa sauti zote, ya chini na ya juu, na asiyependa kugusa menyu.

Njia ya nne: spika zako, ekolaiza mpya

Hii haina sanduku jipya. Unarudisha kwa umeme kile ambacho sikio limepoteza.

Besi. Amplifaya nyingi zina kitufe cha LOUDNESS. Kile cha kubonyeza mara nyingi huongeza kiasi kimoja tu, kwa hiyo hupatana na volyumu moja na kukosea nyingine zote. Baadhi ya amplifaya za Yamaha zina cha kuzungusha, ambacho watu wengi hukitumia kinyume. Kiache kwenye FLAT, pandisha volyumu hadi kiwango cha juu kabisa unachosikilizaga, kisha usiguse volyumu tena: punguza sauti kwa kitufe cha LOUDNESS chenyewe. Kinashusha sauti za kati zaidi kuliko besi na trebo (sauti za juu). Kwenye risiva zenye Audyssey, mfumo wa kurekebisha sauti, kipengele chake cha Dynamic EQ hufanya kazi hiyo yenyewe kufuata volyumu. Ikikuzidishia besi kwenye muziki, badilisha Reference Level Offset kutoka 0, iliyokusudiwa filamu, kwenda 10 au 15.

Ukiwa na ekolaiza tu ya simu au kompyuta, anza hivi: inua yote yaliyo chini ya hezi 110 kwa desibeli 5, inua yaliyo juu ya hezi 10,000 kwa desibeli 1 au 2, na shusha kiwango cha jumla kwa desibeli 6 ili ishara isikatike kilele. Acha eneo la hezi 2,000 hadi 5,000 lilivyo. Hapo sikio ni kali kuliko popote, na ukipandisha ukidhani unaongeza uwazi utapata ukali unaochosha ndani ya dakika kumi.

Maneno na vitu vidogo. Ekolaiza haiwezi kuokoa kilichozama chini ya kelele ya chumba. Kwa filamu kuna kitu kingine, kinachoitwa Night Mode au DRC, ambacho hubana tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Watu huchanganya hiki na loudness. Kwa mazungumzo ni msaada mkubwa. Kwa muziki kinaukandamiza, ngoma na pumzi vikawa kimo kimoja. Ukiwa na spika ya katikati, inayobeba mazungumzo ya filamu, jaribu kwanza kuipandisha desibeli 2 au 3.

Ukimya wa mtambo haubadiliki, ila ukipandisha trebo sana utapandisha na "shiii" ya chanzo. Kwa majirani, besi iliyoongezwa ni besi, hata kama ilikuja kwa programu.

Usumbufu. Mchana utasahau kuizima. Desibeli 5 zilizokuwa tamu usiku zitakuwa ngurumo, na wufa ndogo itaanza kugonga mwisho wake. Hifadhi mipangilio miwili yenye majina, "usiku" na "mchana".

Inamfaa kila mwenye spika tayari, angalau kama hatua ya kwanza.

Kwa hali yako

Unasikiliza peke yako chumbani na ukuta mmoja tu unakutenga na jirani: sogea karibu, njia ya kwanza, na besi iwe desibeli 3 za ekolaiza badala ya sabufa.

Spika zako za rafu ni nzuri mchana na nyembamba usiku: njia ya nne kwanza, kwa wiki mbili. Angalia pia ukuta. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi hufuta eneo la karibu na hezi 86, na huenda besi unayoitafuta imezimikia hapo. Ukisogeza spika karibu na ukuta, besi ya chini kabisa huweza kupata hadi desibeli 6. Ikibaki pungufu hata hivyo, sabufa ina haki ya kununuliwa.

Unatazama filamu familia ikiwa imelala: spika ya katikati juu desibeli 3, Night Mode, sabufa chini au imezimwa.

Una sebule kubwa, viti viko mita 3 na huwezi kuvisogeza: njia ya tatu, au ya pili yenye sabufa nyuma ya kiti. Ukichagua ya tatu, nenda ukaisikilize kwanza bila muziki wowote, sikio sentimita 50 kutoka kwenye honi, pamoja na amplifaya utakayoitumia nyumbani.

Unasikiliza muziki wenye tofauti kubwa za sauti, kama okestra: kelele ya chumba ndiyo itakayoamua. Feni ikiwa haiwezi kuzimwa, njia ya kwanza pekee ndiyo inayokupa nafasi, na hata hiyo sehemu laini kabisa zitakuhitaji uweke mkono kwenye volyumu.